Skauti Huyu ni wa Nani?

Kisii na Nyamira hazina mbuga ya wanyama. Anayetaka simba hupitia Kilgoris akashuka Mara, na anayetaka twiga huteremkia bonde la Lambwe, hadi Ruma. Huku juu kuna watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na katika Kaunti ya Kisii kila kilomita ya mraba ina zaidi ya watu 900. Ardhi ya wote iliyobaki ni mabaki ya upimaji: vilele vya vilima kama Manga, Sameta na Kiabonyoru, kingo za mito, chemichemi, na vinamasi kama kile cha Sironga.

Hata hivyo mabaki hayo yana walinzi. Ni vijana na watu wazima wanaovaa gambuti, wanaobeba daftari badala ya bunduki, na ambao wengi wao hawalipwi. Wengine hujiita maskauti, wengine ni wanachama tu wa chama cha watumiaji wa maji. Kila anayewajua ana maoni juu yao, na mara nyingi maoni hayo ni makali.

Sauti zilizomo humu nimezipanga mimi. Huu si mkutano mmoja ulioandikwa neno kwa neno. Ni hoja zinazorudiwa barazani, matangani na kwenye vituo vya kuuzia majani ya chai, nami nimezipa vinywa vitano: skauti, mzee aliyewahi kukaa katika etureti (baraza la wazee), mama anayelima nduma, kijana anayechoma matofali, na mwalimu mstaafu. Nina upande wangu katika jambo hili, na nitausema wakati wake ukifika.

SKAUTI: Kazi yangu huanza kabla watu hawajaja kuchota maji. Natoka chemichemi ya juu, nafuata mkondo hadi darajani, kisha nazunguka kinamasi kwa ukingoni. Katikati siingii. Korongo taji akikuona unakanyaga mafunjo karibu na kiota chake, anaweza kukihama. Natazama vigingi, mifereji na moshi. Kigingi kipya maana yake mtu ameanza kujikatia. Mfereji mpya maana yake anakausha kipande apande nepia au miche ya mikaratusi. Moshi ni tanuri. Yote naandika, pamoja na tarehe.

Watu huniuliza kama naogopa kukosa silaha. Siogopi, na silaha siitaki. Ninachoogopa ni hiki: skauti wa Mara akimshika jangili, mara nyingi jangili katoka mbali. Mimi ninayemshika tutakaa naye benchi moja kwenye matanga Jumamosi. Nilimkuta mtu anachimba mfereji usiku kwa tochi, na alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo. Nikamsihi aache. Kesho yake mama yangu aliulizwa kisimani kama amezaa polisi. Nikaenda kwa chifu, chifu akataka barua ya kunitambulisha. Barua ya nani? Hapo ndipo nilipokwama.

MZEE: Umesema kweli, momura, kijana wangu. Lakini nikuulize jambo moja: nani alikutuma?

SKAUTI: Tulikuwa na semina, omogaka, mzee wetu. Tukafundishwa, tukapewa makoti.

MZEE: Basi waliokutuma ni wenye semina, na wamekwenda zao. Nisikilize. Kwetu ardhi ya wote ililindwa bila makoti. Ng'ombe walilala katika kambi zao, ebisarate, vijana wakiwachunga na kuwatetea, na malisho hayakuwa na mwenyewe. Mkoloni alivunja ebisarate miaka ya 1910, maana aliwaogopa vijana wale waliokaa pamoja na silaha zao. Hata baada ya hapo, aliyeharibu chemichemi aliitwa mbele ya wazee. Akikana, kulikuwa na kiapo, emuma, na hapakuwa na mtu aliyekula emuma kwa mzaha. Hakuna mzee aliyelipwa kwa kazi hiyo. Ukianza kumlipa mtu alinde chemichemi ya nyumbani kwake, siku malipo yakikoma atakuwa wa kwanza kuiuza.

Tena sisi Abagirango tunajiita watu wa chui. Abanchari wana kiboko, Ababasi wana punda milia. Kila ukoo ulipewa mnyama wa kumheshimu. Leo mtoto wa Mugirango anamjua chui kwa picha ya kitabuni. Tulianza kupoteza heshima, na wanyama wakafuata. Mshahara hauwezi kurudisha heshima.

MAMA: Omogaka, nakuheshimu, na hayo ya emuma nilisimuliwa na mama mkwe. Ila etureti ilikuwa ya wanaume, na ardhi ilikuwa ya wanaume, na upimaji ulipokuja hati ziliandikwa majina ya wanaume. Sisi tulibakiwa na kinamasi. Shamba la mume wangu limegawanywa kwa wana wanne. Mimi ninakula wapi? Ninalima nduma pale chini, na nduma hizo zimelipa karo. Sasa anakuja skauti, ambaye nilimbeba mgongoni akiwa mdogo, ananiambia niko kwenye ardhi ya korongo.

Na nduma haikaushi kinamasi. Nduma inataka maji. Kinachokausha ni mikaratusi iliyopandwa mstari mzima kando ya mkondo, na hiyo haina jina la mwanamke hata mmoja. Mbona daftari la skauti halijafika huko?

Hapa namkatiza mama, kwa kuwa swali lake lina historia. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji na kwenye ardhi oevu ing'olewe nchi nzima. Agizo lilisikika mpaka huku kwetu Gusii, likajadiliwa redioni, na sehemu nyingine miti ikakatwa kweli. Lakini mkaratusi ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki, na waliokuja kukata hawakurudi kutazama machipukizi. Pita leo kando ya vijito vingi vya Nyamira, utaona mashina mawili au matatu yakitoka kwenye kisiki kimoja. Waziri anaweza kuagiza. Anayepita tena baada ya miezi 6 ni lazima awe mtu wa pale pale, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuwa na skauti.

Mkaratusi unapendwa kwa sababu inayoeleweka. Viwanda vya chai vya Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi, Nyamache na Kiamokama vinahitaji kuni za kuchemshia maji ya kukaushia majani. Mti uliopandwa leo unauzwa kabla mtoto aliyezaliwa leo hajamaliza shule ya msingi. Mwenye ukanda mwembamba wa shamba ataupanda mahali ambapo chai haikui vizuri, yaani chini, kwenye unyevu. Hakuna ubaya wa moyo hapo. Kuna hesabu.

KIJANA: Nashukuru mmesema hesabu, kwa sababu mimi huitwa mharibifu bila mtu kuifanya yangu. Nimemaliza kidato cha nne. Shamba letu unalivuka kwa hatua ishirini. Udongo mzuri wa tofali uko chini ya kinamasi: ule mweusi wa juu unauondoa, unafika wa kijivu unaonata. Nachimba, nafyatua, naanika, nachoma. Nyumba zenu nyote mlioketi hapa zilitoka shimoni mwangu au shimoni mwa mtu kama mimi. Mwalimu, ukuta wako ni wa nini?

MWALIMU: Ni wa tofali, na nilinunua kwa baba yako.

KIJANA: Haya. Basi mkinifukuza, mniambie nifanye nini Jumatatu. Sitaki kuambiwa korongo ni mzuri. Najua ni mzuri, hucheza karibu na tanuri langu kila asubuhi. Lakini simli, na hanilipi.

MWALIMU: Niruhusuni niseme juu ya huyo korongo, kwa maana watu wanamtaja kama pambo. Tangu 2012 shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile limemweka katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Ni ndege yule yule aliye kwenye bendera ya Uganda. Hutaga mayai mawili au matatu juu ya jukwaa la nyasi majini, huatamia karibu mwezi mmoja, na kifaranga hukaa miezi kama miwili au mitatu kabla ya kuruka. Kwa hiyo tunachomwomba mtu si kuacha kinamasi maisha yake yote. Tunamwomba asiguse sehemu moja, yenye kiota, kwa takriban miezi 4. Mama anaweza kulima ukingoni. Kijana anaweza kuchimba kwingine. Lakini lazima awepo mtu anayejua kiota kiko wapi mwaka huu, kwa sababu hakuna afisa wa Nairobi atakayekijua.

Na tusijione kama watu wa kwanza kubanana. Rwanda ni nchi ya mashamba madogo kama yetu. Korongo walikuwa wakikamatwa vifaranga, wakakatwa mbawa na kufugwa kwenye bustani za hoteli na za matajiri. Daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianza kazi ya kuwaokoa karibu 2014 kwa kuwaorodhesha waliofungwa. Wengi wakarudishwa porini katika Mbuga ya Akagera, na wasioweza kuruka wakapewa makao Umusambi, Kigali. Katika kinamasi cha Rugezi, wanaopiga doria ni watu wa vijiji vya pale pale. Hapa Kenya, Trans Nzoia, karibu na kinamasi cha Saiwa, Maurice Wanjala na majirani zake wa Kipsaina walianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 na vitalu vya miti ya asili, mizinga ya nyuki na samaki. Korongo walirudi kwa sababu kinamasi kilirudi.

MZEE: Mwalimu, hao wa Kipsaina, walianza na mshahara au walianza na moyo?

MWALIMU: Walianza na moyo, omogaka. Lakini moyo haukuwatosha peke yake, ndiyo maana ya mizinga na samaki.

MZEE: Unaona? Walipata kutoka kwenye kinamasi chenyewe, si kutoka kwa mtu wa nje. Mshahara wa mtalii hufuata mtalii. Mwaka 2020 safari za ndege zilipositishwa kwa ajili ya korona, hifadhi za jamii kule Mara na kaskazini zilibaki na walinzi na bila wageni. Serikali ikalazimika mwezi wa 5 mwaka huo kutenga shilingi bilioni 1 kwa maskauti 5,500 na bilioni nyingine 1 kwa hifadhi za jamii 160. Kama mwenye tembo na simba alipigwa hivyo, mwenye korongo wawili na tumbili wa kilimani atalipwa na nani?

Hoja ya mzee ni nzito, na wanaoipuuza kwa kuwa imetoka kwa mtu anayesifu zamani wanakosea. Kulipwa kwa hisani ya mgeni ni kulipwa kwa muda. Lakini nayo ina upande inaouficha. Wazee wa etureti hawakulipwa kwa sababu walikuwa na ng'ombe, wake wa kulima, na vijana wa kutuma. Skauti wa leo ana robo ekari na watoto watatu. Kumwambia afanye kazi ya saa nne kila alfajiri kwa heshima tu ni kumwambia aifanye mpaka njaa imwite kwingine, na ndivyo inavyokuwa. Vikundi vingi vya kulinda mito nilivyowahi kuviona vilikuwa na mwaka mmoja wa bidii, kisha koti likabaki linavaliwa shambani.

Kwa hiyo nasema upande wangu: alipwe, na alipwe na wanywaji maji. Mto Gucha unaanzia nyanda za juu za Kiabonyoru, Nyamira. Unashuka hadi Kegati, ambako maji yake huvutwa, yakasafishwa na kupelekwa mji wa Kisii. Unaendelea hadi Migori, unazungusha mitambo ya umeme ya Gogo, na sehemu za chini, kule Nyatike, watu wanaujua kama Kuja na wanaujua zaidi kwa mafuriko yake. Kinamasi kilichopasuliwa kwa mifereji huko juu hakishiki tena maji ya mvua. Mvua ikinyesha maji yote hushuka kwa siku chache yakiwa na udongo, na kiangazi hakuna cha kushuka. Anayelipa bili ya maji Kisii mjini analipia kuondolewa kwa tope ambalo skauti angelizuia huku juu. Kiasi kidogo katika kila bili kingeweza kusaidia kumweka skauti katika vinamasi vikubwa, naye asingemtegemea mtalii hata mmoja.

Jambo hili limewahi kufanywa Kenya. Kuanzia 2010 chama cha watumiaji wa maji ya Ziwa Naivasha kiliwapa wakulima wa juu, Wanjohi na Turasha, vocha za pembejeo ili watunze udongo na kingo za mito, na walionufaika ni wakulima wakubwa wa maua walio chini. Mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu kwa ajili ya Nairobi, kwa fikra ile ile. Gazi, kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umeuza kaboni ya hekta 117 tu za mikoko tangu 2013, na fedha zake zimelipia maji na vitabu vya shule. Hekta 117 si eneo kubwa. 

SKAUTI: Ndugu mwandishi, ningependa kulipwa, sitadanganya. Lakini umeruka jambo. Utanilipa nilinde nini? Njoo nikuonyeshe. Baba zetu walipogawa mashamba hawakukata kwa upana, walikata kwa urefu, ili kila mtoto apate barabara juu na maji chini. Ndiyo maana kila shamba hapa ni utepe unaoishia mtoni. Mwenye hati anaamini utepe wake unafika katikati ya maji. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema mito ni ardhi ya umma. Sawa, lakini ukingo unaishia wapi? Kanuni za kilimo za 1965 zilisema usilime kati ya mita 2 na 30 kulingana na upana wa mto. Kanuni za mazingira za 2006 zilisema mita 6 hadi 30, ukipima kutoka pale mafuriko ya juu kabisa yalipofika. Mimi na daftari langu nisimame mita ya ngapi? Nikimwambia mtu mita 6, ananiambia afisa wa kilimo alimwambia babake mita 2. Nanyi mnataka nimshike.

Nipeni kwanza bikoni. Mpima ardhi aje, wenye mashamba wote wakiwapo, siku moja, ziwekwe alama ambazo hata mtoto anaziona. Bila bikoni mimi ni mtu anayegombana na majirani zake, basi.

KIJANA: Hilo naliunga mkono. Mimi pia nimechoka kuambiwa leo niko ndani, kesho niko nje.

MAMA: Nami naunga mkono, kwa sharti. Siku hiyo ya bikoni asije mwenye hati peke yake. Aje pia anayelima. Wengi wetu tunaolima kule chini hati si zetu, na tukiachwa nje, alama zitawekwa juu ya nduma zetu. Na mkimchagua skauti, achaguliwe na sisi wote tunaogusa maji hayo, na wanaomsimamia wawemo wanawake, si mmoja wa kuandika mahudhurio. Akilala kazini, au akichukua kitu kidogo kwa mwenye mikaratusi, tuwe na uwezo wa kumwondoa siku hiyo hiyo bila kungoja afisa wa kaunti.

SKAUTI: Mama, hilo linanitisha na linanifurahisha. Kama mnaweza kuniondoa, basi ni ninyi mlionituma. Siku nitakapomshika mtoto wa baba mdogo, nitasema nimetumwa na mama yake pia.

Hapo ndipo kiini cha jambo lote kilipo kwangu. Kaunti zinapoahidi kuajiri walinzi wa mazingira, watu hufurahia ajira na kusahau kuuliza nani atawaondoa. Mlinzi aliyeajiriwa kutoka ofisini huwajibika kwa ofisi. Tena maji hayajui ofisi: kilima cha Manga kiko mpakani, Keroka ni mji mmoja wenye kaunti mbili, na kijito kinaweza kuanza Nyamira na kuwa shida ya Kisii kabla ya saa sita mchana. Chama cha watumiaji wa maji, ambacho Sheria ya Maji ya 2002 ilikitambua na ile ya 2016 ikakithibitisha, hufuata bonde badala ya mpaka wa kaunti. Fedha zipitie hapo, na uteuzi ufanyike hapo. Maskauti wa Mara wanawajibika kwa hifadhi iliyokodisha ardhi ya wenyeji. Huku kwetu hakuna wa kukodisha, na wenyeji ndio wenyewe watumiaji. Kwa hiyo lazima skauti wa Gusii awe mtumishi wa bonde lake kabla ya kuwa mtumishi wa serikali.

MZEE: Mnaongea vizuri. Naona mnarudi kwenye etureti, ila mmeongeza wanawake na mshahara. Mshahara mnipe muda niuzoee.

MAMA: Omogaka, kabla hatujaenda, nina swali, na naomba usilichukulie kama utovu wa heshima. Miti yako ile, mistari minne, iko mita ngapi kutoka kwenye maji?

MZEE: (baada ya kimya kidogo) Wa kwanza uko ndani ya maji wakati wa masika.

Niliipanda mwenyewe. Afisa wa kilimo ndiye aliyeleta miche, akasema kinamasi ni mbu na malaria, kikaushwe. Nilimwamini. Iliwasomesha wanangu wawili, na iliyobaki inangoja lori la kiwanda.

MWALIMU: Afisa hakukudanganya kwa makusudi. Hata sisi shuleni tulifundisha hivyo, kwamba kinamasi ni ardhi isiyo na kazi.

MZEE: Sitafuti wa kulaumu. Momura, fungua daftari lako. Andika kwamba mistari miwili ya mbele itakatwa kabla ya masika, na visiki vitachomwa au vitang'olewa, visiachwe vichipue. Nitapanda miti ya asili na mianzi, au chochote mwalimu atakachosema. Miwili ya nyuma niachieni mpaka iuzwe, halafu nayo iondoke. Andika na tarehe, niweke kidole gumba hapo. Mkinishika mimi kwanza, hakuna mtu wa bonde hili atakayesema daftari linaogopa wenye hati.

MAMA: Basi niandike nami. Katikati ya kinamasi, kuanzia pale penye mafunjo marefu, sitapanda tena. Ukingoni nitabaki, na mtu asinihamishe huko.

KIJANA: Mimi simo bado. Nasema wazi ili isije ikasemwa nilikubali. Nimeshafungua mashimo mawili. Nikiyaacha hivyo yanakuwa mitego ya ng'ombe na watoto. Mnisaidie kuyageuza mabwawa ya samaki ndipo niache kuchimba la tatu.

MWALIMU: Mwaka 2009 serikali ilichimba mabwawa ya samaki 200 katika kila eneo bunge lililochaguliwa, na Gusii tulikuwamo. Mengi yalikauka au yakawa mabwawa ya vyura, kwa sababu vifaranga na chakula vilikuja mara moja tu na hakukuwa na soko lililopangwa. Ukitaka bwawa, lazima tujue chakula cha samaki kitatoka wapi mwezi wa 7, na nani atanunua.

KIJANA: Basi hiyo ndiyo kazi yenu kabla ya kuja kwangu na daftari. Skauti akilipwa kutoka kwenye bili ya maji, sehemu ya fedha hizo za mwaka wa kwanza ije kwenye mashimo yangu, maana nami ninaacha kuchafua maji hayo hayo. Mkikataa, nitachoma.

SKAUTI: Na mimi nitaandika kwamba umechoma.

KIJANA: Andika. Lakini andika pia nilichowaambia leo, na kwamba mlikuwa bado hamjanijibu.